Asiyekuwepo na Lake Halipo: Wafanyakazi na Mipango ya Kesho



Safari hii tunataka kueleza jambo ambalo wengi wetu tunadhani ni kazi ya wakubwa na wasomi tu: jinsi matajiri na serikali wanavyoipanga kesho kabla haijafika, na jinsi mipango hiyo inavyoamua nani atapata kazi na nani ataambiwa afungashe. Sisi tunaoandika haya hatukusoma sana. Tuliishia darasa la saba, na mengine tumefundishwa na shamba la chai na ofisi ya tawi. Lakini jambo hili limetugusa, na tumelifuatilia mpaka tukauona mzizi wake.

ASUBUHI YA LORI

Katika shamba moja la chai huku magharibi mwa Uganda, asubuhi moja tulikuwa tumepanga mstari mbele ya nyapara kama kawaida, vikapu mgongoni. Likaingia lori. Likashusha mashine za kuchumia chai, mpya kabisa, bado zimefungwa nailoni. Nyapara akatuambia, "Hizi ni za kujaribu tu." Kabla mwaka haujaisha karatasi ilibandikwa ukutani pale ofisini, na majina yalikuwa mengi. Wengi wao walikuwa akina mama.

Mama mmoja aliyekuwa amechuma chai pale miaka kumi na tisa alisomewa jina lake, akatugeukia sisi wa kamati. Hakututukana. Aliuliza jambo moja tu: "Chama kilijua?"

Tulimjibu kwamba hatukujua. Lakini jioni ile tulipokaa kikao tuliona kwamba jibu letu halikuwa kweli tupu. Zaidi ya mwaka mmoja nyuma walikuja vijana wawili na kamba na vijiti, wakapima nafasi kati ya mistari ya chai. Mmoja wetu aliwashikia kamba. Baadaye ikaja amri kwamba chai ipogolewe iwe na uso sawa kama meza. Njia za ndani ya shamba zikapanuliwa. Waliostaafu hawakuandikiwa wengine mahali pao. Yote hayo tuliyaona kwa macho yetu. Hatukukaa hata siku moja tukayaweka pamoja na kuulizana: je, haya yanatupeleka wapi?

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sisi tuliyaona mawingu, tukaendelea kuanika.

PICHA ZA KESHO NI NINI?

Wako watu duniani ambao kazi yao ni kuyatazama mawingu hayo. Wanatazama mwendo wa bei, mashine mpya, mvua na jua, idadi ya watu, vita na siasa. Hawasemi, "Mwaka fulani litatokea jambo fulani." Huo ni uganga. Wao huchora picha tatu au nne za kesho inayoweza kuja, kisha kwa kila picha huuliza: ikija hii, tutafanya nini? Tuanze nini leo ili isitukute tumelala? Wasomi wana majina yao kwa kazi hii. Sisi tutaiita kuchora picha za kesho.

Kazi hii ilikuzwa na watu wa mambo ya vita. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mmarekani mmoja aliyeitwa Herman Kahn alikuwa akiandika jinsi vita vya mabomu ya nyuklia vinavyoweza kuanza na kuendelea, ili wakuu wa jeshi wajiandae. Halafu wenye makampuni makubwa wakaichukua.

Mfano unaojulikana sana ni wa kampuni ya mafuta ya Shell. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa na kikundi cha wapangaji huko London, na mmoja wao alikuwa Mfaransa, Pierre Wack. Wakati ule mafuta yalikuwa rahisi, na karibu kila mtu aliamini yataendelea kuwa rahisi. Kikundi kile kiliuliza: itakuwaje nchi zenye visima zikisema basi, sasa bei tunapanga sisi? Wakaichora picha hiyo na kuwawekea wakuu wao mezani.

Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati. Pipa moja la mafuta, lililokuwa kama dola 3, likafika karibu dola 12 ilipoingia Januari 1974. Nchi nyingi zilipigwa na butwaa. Katika nchi zetu mafuta ya taa yalipanda, nauli ikapanda, na mkia wake ukafika mpaka kwenye sufuria ya mfanyakazi. Lakini wakuu wa kampuni ile walikuwa wamekwisha kulizungumza jambo hilo kabla halijatokea.

Hatuwasifu. Kampuni hujiandaa kwa ajili ya faida yake. Tunachosema ni kwamba tajiri haachi kesho imjie kama mgeni wa usiku. Hukaa akaifikiria, na hulipa watu mshahara kwa kazi hiyo. Je, mfanyakazi amemweka nani?

MKONGE: KESHO ILIYOKUJA BILA KUPIGIWA HODI

Sasa tutazame upande wa pili, wa wale ambao kesho iliwakuta hawajajiandaa. Hatuna haja ya kwenda mbali. Wazee wetu wengi kutoka Rwanda na Burundi, na wengine kutoka Kigoma, Songea na Msumbiji, walikwenda kukata mkonge Tanganyika. Waliitwa manamba. Tangu mwaka 1944 waajiri wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyoitwa SILABU. Mtu alitiwa kwenye lori au treni mpaka Tanga, Korogwe au Morogoro, akapewa panga na kazi ya kuhesabiwa.

Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo lilikua mpaka likawa zao kubwa la kuuza nje. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mashamba ya mkonge yalikuwa yameajiri zaidi ya watu laki moja. Mwaka 1964 mavuno yalipita tani 230,000. Hazina ya serikali ilitegemea singa hizo, na shule na zahanati zilipangwa kwa kutegemea bei yake.

Nini kilitokea? Kamba za mkonge zilikuwa zikinunuliwa zaidi na wakulima wa Ulaya na Amerika, wakifungia majani makavu ya mifugo. Viwanda vya huko vikaanza kutengeneza kamba za plastiki, na plastiki hutokana na mafuta yale yale tuliyoyataja. Tangu katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge ilianguka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Nia ilikuwa njema: jasho la manamba liwe mali ya wananchi. Lakini mali yenyewe ilikuwa imekwisha kuingiwa na mchwa.

Kisha ikaja ile bei ya mafuta ya 1973. Plastiki ikawa ghali, na bei ya mkonge ikapanda kwa kishindo. Hapo ndipo penye funzo kubwa. Mkonge hukaa ardhini karibu miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Aliyeacha kupanda wakati bei iko chini hakuwa na majani ya kutosha kukata bei ilipopanda. Alipopanda, bei ikawa imeshuka tena. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno ya nchi nzima yalikuwa yamebaki kama tani 20,000, na mashamba mengi yakauzwa tena kwa watu binafsi. Siku hizi zao hilo limeanza kuinuka, lakini bado liko mbali na ule mwaka wa 1964.

Nani alilipa? Mwenye hisa aliyeko ng'ambo alihamisha fedha zake. Serikali ilikopa. Mkata mkonge alibaki kambini, katika nyumba isiyo yake, korona imenyamaza, na kwao alikuwa amekwisha kusahauliwa. Tunaambiwa ni bei ya dunia iliyofanya hivyo, kana kwamba bei ni radi. Bei ya dunia ni kweli ina nguvu. Lakini kamba ya plastiki haikuingia sokoni kwa usiku mmoja. Kulikuwa na miaka ya kuuliza, na wakataji hawakuwekwa mahali ambapo maswali huulizwa.

MEZA YA AFRIKA KUSINI

Picha za kesho hazikubaki kwa makampuni. Zimeingia katika utawala wa nchi, na hapo tuna mfano ambao viongozi wa wafanyakazi walikuwemo.

Nelson Mandela alitoka gerezani Februari 1990. Makaburu walikuwa bado na serikali na jeshi, wananchi wakawa na umati na migomo, na hakuna aliyejua nchi inakwenda wapi. Mwaka 1991 na 1992 watu 22 walikutana mara kadhaa mahali paitwapo Mont Fleur, karibu na Stellenbosch. Walikuwemo wanasiasa wa pande mbalimbali, wenye makampuni, wasomi, na watu waliotoka katika vyama vya wafanyakazi. Aliyewaongoza katika mazungumzo, Adam Kahane, alikuwa ametoka katika kikundi kile kile cha wapangaji wa Shell.

Walitoa picha nne, wakazipa majina ya viumbe wanaoruka na wasioweza kuruka, ili kila mtu azikumbuke. Ya kwanza ni Mbuni: serikali ya makaburu inaficha kichwa mchangani, inakataa mapatano ya kweli, na vurugu inarudi. Ya pili ni Bata Kiwete: yanapatikana mapatano, lakini serikali mpya inafungwa miguu, haimridhishi yeyote. Ya tatu waliiita Ikarus, yule mtu wa hadithi za Wayunani aliyejifunga mabawa ya nta, akaruka karibu mno na jua, nta ikayeyuka akaanguka: serikali ya wananchi inaingia kwa shangwe, inatumia fedha kuliko zilizopo, halafu uchumi unaanguka na maskini anaumia zaidi. Ya nne ni Flamingo, wale ndege wekundu ambao hata Nakuru wapo: wanainuka polepole, lakini wanainuka wote pamoja.

Picha hizo zilichapishwa gazetini na kuzungumzwa nchi nzima. Zilisaidia watu waliokuwa maadui kuongea kwa lugha moja, na uchaguzi ulifanyika Aprili 1994. Hilo ni jema, na tunalisema.

Lakini mfanyakazi atazame pande zote mbili. Mmoja wa waliokaa Mont Fleur alikuwa Trevor Manuel, ambaye mwaka 1996 alikuwa Waziri wa Fedha. Mwaka huo huo serikali ilitoa mpango wa uchumi wa kubana matumizi, kupunguza upungufu wa bajeti na kuwavuta wenye mitaji. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COSATU, liliupinga waziwazi, likisema mzigo unawekwa juu ya maskini. Hatusemi kwamba picha ya Ikarus peke yake ndiyo iliyoleta mpango ule; mambo yalikuwa mengi, na madeni yalikuwepo. Lakini tunaona kwamba picha ina nguvu mbili. Inaweza kuwa taa ya kuonyesha shimo. Inaweza pia kuwa ua. Ukiisha kumwogopesha mtu na anguko, kila mfanyakazi atakapodai nyumba au nyongeza ataambiwa, "Unataka tuanguke kama Ikarus?"

Kwa hiyo kukaa mezani hakutoshi. Lazima pia tujue ni hofu ya nani inayochorwa. Tajiri anaogopa serikali itumie mno. Mfanyakazi anaogopa afukuzwe bila kitu. Hofu zote mbili ni za kweli, lakini mara nyingi hofu moja tu ndiyo hupewa jina na picha.

JIRANI ZETU WA KENYA

Mwaka 2000 Wakenya nao walitoa picha nne za nchi yao. Moja iliitwa El Niño, kwa kukumbuka zile mvua za 1997 na 1998: hakuna kinachorekebishwa, si siasa wala uchumi, na nchi inapasuka vipande. Nyingine iliitwa Maendeleo: uchumi kwanza, siasa ngoja. Ya tatu Katiba: siasa kwanza. Ya nne ilipewa jina la mabata bukini warukao pamoja, mambo yote mawili kwa wakati mmoja.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya elfu moja waliuawa, na mashamba ya chai na ya maua yaliona wafanyakazi wakikimbia kwa sababu ya kabila zao. Mawingu yalikuwa yameonekana, yakaandikwa, yakapewa hata jina. Hayakuzuiwa. Ndipo mwaka 2010 wakapata katiba mpya, na kifungu cha 41 kinataja haki ya mfanyakazi kujiunga na chama, kugoma na kujadiliana kwa pamoja. Funzo ni hili: picha peke yake haizuii chochote. Kinachozuia ni watu waliojipanga kuifuata au kuikataa.

Na mashine za chai? Huko Kericho wafanyakazi walizigomea mwaka 2010. Mei 2023 wananchi wenye hasira wakazichoma moto. Tunaielewa hasira ile, maana tumesimama mbele ya karatasi ya majina. Lakini mashine iliyochomwa hununuliwa nyingine, na aliyechoma hupelekwa mahakamani. Moto ni silaha ya aliyechelewa.

MWAKA 2040 NA MWAKA 1984

Turudi kwetu Uganda. Mwaka 2013 serikali ilizindua mpango uitwao Dira ya 2040. Unasema nchi itatoka katika hali ya wakulima wadogo, iwe nchi ya kisasa yenye neema, na kwamba pato la kila mtu, kwa wastani, litafika dola 9,500 kwa mwaka. Imo reli, imo mafuta, vimo viwanda na miji mipya.

Hatucheki mpango huo. Nchi isiyotazama mbele hutembea kinyumenyume. Lakini tuweke karatasi mbili juu ya meza moja. Ya kwanza ni hiyo ya 2040. Ya pili ni kima cha chini cha mshahara, kilichowekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Tangu hapo hata fedha yenyewe ilibadilishwa, mwaka 1987. Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Basi nchi ina jicho moja linaloona mwaka 2040, na jingine lililobaki 1984. Jicho la pili ndilo linalomtazama mfanyakazi.

Kwa nini ni hivyo? Si kwamba hatuna wajumbe kabisa. Bungeni wamo watu watano wanaowakilisha wafanyakazi. Tangu 1919 Shirika la Kazi Duniani limejengwa juu ya msingi kwamba mambo ya kazi hukaliwa na watatu: serikali, mwajiri na mfanyakazi. Lakini wajumbe wetu huitwa zaidi kwenye mazungumzo ya mishahara ya mwaka huu. Mazungumzo ya miaka ishirini ijayo yanafanyika chumba kingine. Na wakati mwingine, tuseme ukweli, sisi wenyewe hatuuliti mlango wa chumba kile kwa sababu hatuna la kusema tukiingia.

TUFANYE NINI TAWINI?

Tulipomaliza kuomboleza tuliamua kufanya kazi hii wenyewe. Haihitaji digrii. Inahitaji kikao cha Jumapili, ubao na chaki.

Kwanza, tuliyaandika mawingu. Mashine. Mvua isiyotabirika na joto, maana chai haipendi joto. Soko: mwaka 2023 Ulaya ilipitisha sheria ya kukataa kahawa na mazao mengine kadhaa yaliyolimwa mahali msitu ulipokatwa baada ya mwaka 2020. Ndugu wa viwanda vya kahawa wajiulize: mwajiri wetu amejiandaa, au siku moja magunia yatarudishwa na sisi tutarudishwa nyumbani?

Pili, tulichagua mambo mawili yenye uzito zaidi. La kwanza: mashine zitakuja haraka au polepole? La pili: zikija, tutakuwa na mkataba unaozitaja, au hatutakuwa nao? Ukiyapandisha mambo hayo mawili, unapata picha nne.

Mashine haraka, mkataba hakuna: hiyo tunaijua. Ni Asubuhi ya Lori.

Mashine haraka, mkataba upo: wanaofundishwa kuendesha ni wachumaji wa shamba lile lile, wanawake kwa wanaume, wanaotoka wanatoka kwa zamu na kiinua mgongo kilichokubaliwa, wenye miaka mingi hawatangulizwi kufukuzwa.

Mashine polepole, mkataba hakuna: hii inadanganya, maana inaonekana kama amani. Hakuna anayefukuzwa, lakini kila anayestaafu mahali pake huwekwa kibarua wa siku. Baada ya miaka kumi chama hakina wanachama, na lori likija hakuna wa kupinga.

Mashine polepole, mkataba upo: ndiyo nafasi ya kupumua. Lakini nafasi hiyo haifai kitu tukiitumia kulala.

Tatu, kwa kila picha tuliandika dalili zake. Wapimaji wakija na kamba, andika tarehe. Chai ikipogolewa kama meza, andika. Stoo ikianza kuweka vipuri na petroli zaidi ya kawaida, andika. Nafasi ya mstaafu isipojazwa, andika. Kila mjumbe ana daftari, na kila mwezi madaftari yanafunguliwa pamoja. Dalili moja ni uvumi. Dalili nne ni habari.

Nne, tulipeleka madai kabla ya lori. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mwajiri anayekusudia kuachisha watu 10 au zaidi katika miezi mitatu, kwa sababu za kiuchumi au za mitambo, awape wawakilishi wa chama habari si chini ya majuma manne kabla, na amwarifu Kamishna wa Kazi. Majuma manne! Mkonge wenyewe hutaka miaka mitatu kuwa tayari, na binadamu mwenye watoto shuleni apewe majuma manne. Sisi tunadai katika mkataba wa pamoja miezi sita ya taarifa kabla mashine haijanunuliwa, si baada ya kufika. Mwajiri bado hajakubali yote. Amekubali kukaa nasi mara mbili kwa mwaka na kutueleza mipango yake ya uzalishaji. Ni kidogo, lakini ni kiti mezani, na tunakwenda na madaftari yetu.

Tano, yale ya tawi yapelekwe juu. Tawi moja likisema limeona wapimaji, ni jambo la tawi. Matawi ishirini yakisema hivyo, ni jambo la nchi, na wale wajumbe watano wa Bunge watakuwa na neno la kupeleka kwenye mipango ya serikali. Na kwa kuwa makampuni ya chai, sukari na maua yana mashamba katika nchi zaidi ya moja, habari zipite mipaka. Mashine iliyojaribiwa Kericho ndiyo itakayofika kwetu, na kesho kutwa Rwanda. Ndiyo sababu tunaandika kwa Kiswahili, lugha ambayo mchumaji wa Uganda na mwenzake wa Kenya, Tanzania, Burundi na Kongo wanaweza kuitumia bila mkalimani.

NENO LA MWISHO

Ndugu zetu, hatuwezi kuzuia kila wingu. Plastiki ilikuja, mashine imekuja, na mengine yatakuja ambayo hata wataalamu hawajayapa jina. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyenyeshewa akiwa amekwisha kuezeka na yule aliyenyeshewa akiwa bado anabishana kama itanyesha.

Yule mama wa miaka kumi na tisa sasa anauza ndizi kando ya barabara. Tunapopita hutusalimu vizuri, na sisi tunanunua. Lile swali lake hajaliuliza tena, lakini tumeliandika ukurasa wa kwanza wa kila daftari la tawi: "Chama kilijua?" Tunawaomba nanyi mliandike. Kisha mfanye kazi ili siku swali hilo litakapoulizwa kwenu, mjumbe aweze kufungua daftari na kujibu: ndiyo mama, tulijua, na haya ndiyo tuliyoyafanya.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.